Fahali Aliyeuzwa Mara Tano kwa Ajili ya Paa la Kanisa

Kanisa letu la Jinja lilikuwa la matofali mekundu ya kuchoma, lenye mnara mfupi mnene na madirisha membamba yaliyochongoka juu, na lilikuwa linavuja. Wamisionari waliolijenga waliliezeka kwa mabati yaliyokuja kwa meli na kisha kwa treni. Kwa miaka mingi mabati hayo yalizibwa kwa lami, lami ikazibwa kwa magunia, na magunia yakapakwa lami tena, hadi paa lote likawa kama blanketi la mgonjwa. Mvua ikinyesha wakati wa Misa, kila familia ilijua pa kuhamia. Mama yangu tulimwombea humo kabla ya kumzika, na maji yalidondoka juu ya jeneza lake tangu somo la kwanza hadi baraka ya mwisho. Mwanakwaya mmoja aliniambia hiyo ni neema inayoshuka kutoka mbinguni. Nilimshukuru, kwa kuwa alisema kwa wema, lakini nilijua inashuka kutoka kwenye tundu lililokuwa karibu na nguzo ya tatu.

Ndiyo sababu paroko alipotangaza kwamba anaunda kamati ya kulinusuru kanisa, nilijiandikisha. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, na nilijua kupiga taipu. Nikafanywa katibu siku hiyohiyo.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mrefu aliyefundisha nusu ya watu wazima wa parokia na kuwachapa nusu hiyo yote. Yeye alishika neno moja: kanisa lile ni la kale, lina historia yake, wala halipaswi kuondolewa hata tofali moja. Liezekwe upya, lisafishwe, basi. Aliyempinga alikuwa mfanyabiashara wa saruji. Huyu alitaka libomolewe lote, lijengwe jingine kubwa la zege, na alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, asielewe kwa nini wenzake wanatazamana. Vikao vitatu vya kwanza viliishia hapo. Paroko, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, alitukatiza katika kikao cha nne.

"Tutafute fedha kwanza," alisema. "Kugombana tutagombana zikishapatikana."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Wewe una Kiswahili."

Ilikuwa kweli. Nilizaliwa katika nyumba za askari magereza. Baba alitoka kaskazini, mama alitoka upande wa Mbale, na lugha pekee waliyoweza kuoana nayo ilikuwa Kiswahili. Nyumbani kwetu tulipendana kwa Kiswahili, tulikaripiwa kwa Kiswahili na tulisali kwa Kiswahili. Wenzangu wa kamati walikuwa Wasoga na Waganda. Wao Kiswahili walikisikia zamani kutoka kwa watu wenye bunduki waliokuwa wakitafuta kitu, na hadi miaka hiyo ya tisini, mtu akisema "njoo hapa" barabarani kwa Kiswahili, wengi walianza kupapasa mifuko kutafuta kitambulisho.

"Utazungumza na wanajeshi, polisi na magereza," mwenyekiti akaendelea. "Na Waislamu."

"Waislamu watachangia kanisa, mzee?"

"Hatujui. Hawajaulizwa."

Kwa askari nilipokewa vizuri. Walichanga kila mwisho wa mwezi, wengine wakinikumbusha wenyewe. Mafanikio hayo ndiyo yaliyompa mwenyekiti wazo la kwenda Buwenge siku ya soko. Parokia yetu ilikuwa na vigango, makanisa madogo ya vijijini, upande huo, na yeye aliona sokoni watu wapo tayari na hela mkononi. Mfanyabiashara wa saruji alitoa gari lake. Lilikuwa Landrover kuukuu la kijani, zamani mali ya serikali, alilolinunua bila kulibadilisha rangi. Mwenyekiti alivaa suti yake ya kaki na akashika kitabu cha risiti. Mimi nilipewa kipaza sauti.

"Sokoni kuna watu wa kila kabila," alinieleza njiani. "Anza wewe kwa Kiswahili, mimi nitafuata kwa Lusoga."

Hatukufikiria kodi ya kichwa. Miaka ile kila mwanaume alipaswa kuwa na tiketi ya kodi hiyo, na wakusanyaji walipenda sana siku za soko. Walikuwa wakifika ghafla kwa gari la serikali, wanazuia njia, na asiye na tiketi wanamchukua.

Gari liliposimama katikati ya soko, nikapanda nyuma, nikawasha kile chombo, na nikasema maneno niliyoyaandaa tangu jana yake: "Wananchi wa Buwenge, kila mwanaume asimame hapo alipo, tuna neno kuhusu mchango wenu."

Sikumaliza. Soko lilipasuka. Fundi cherehani aliiacha mashine yake gurudumu likizunguka. Mteja mmoja alitoka kwa kinyozi akiwa amenyolewa upande mmoja, shuka la kinyozi likimpepea shingoni, na kinyozi mwenyewe akamfuata, nikadhani anadai shuka lake, kumbe na yeye anakimbia. Mtu aliyekuwa anajaribu viatu aliondoka na kimoja cha kwake na kimoja cha muuzaji. Muuzaji hakumkimbiza kwa kuwa alikuwa ameshamtangulia. Wote waliingia kwenye mashamba ya miwa nyuma ya soko, na miwa ikafunga nyuma yao kama mlango.

Walibaki wanawake, na mzee mmoja asiyeweza kukimbia, aliyekuja kwangu ameshika karatasi kwa mikono miwili. "Afande," aliniambia, "mimi nilishavuka umri."

"Mimi si afande, mzee. Mimi ni mwalimu. Tunachangia kanisa."

"Ndiyo, afande," akajibu, na hakuishusha karatasi yake.

Mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya akaleta tiketi za mumewe za miaka kadhaa, zimefungwa kwenye nailoni, akazipanga moja moja juu ya boneti ya gari. Mwenyekiti alininyang'anya kipaza sauti na kuanza kueleza kwa Lusoga, kwa sauti yake ya darasani, kwamba sisi ni watu wa Mungu, kwamba kanisa ni la babu zao, kwamba hakuna atakayekamatwa. Aliyasema yote hayo akiielekea miwa. Miwa ilitikisika hapa na pale lakini hakuna aliyetoka. Baadaye kidogo akaja mama mmoja na noti iliyokunjwa mara nyingi, akasema kuna mtu huko ndani ameituma ili jambo hili liishe, na anaomba risiti. Mwenyekiti akamwandikia. Akarudi na noti nyingine, kisha nyingine. Tuliondoka Buwenge na hela kidogo, kuku watatu na mkungu wa ndizi.

Wiki mbili baadaye paroko alilazimika kutangaza vigangoni kwamba risiti ya kanisa si tiketi ya kodi na haitamkinga mtu na lolote. Nilimwona akitangaza huku akijizuia kucheka.

Baada ya hapo kamati iliona ni salama zaidi mimi nikae mezani niandike barua. Nilipekua vitabu vya ubatizo vya parokia, nikawaandikia wote waliobatizwa pale ambao tulijua walikohamia. Jibu moja lilitoka Mbale, kwa sajini mstaafu wa magereza aliyewahi kufanya kazi na baba yangu. Aliandika mistari mitatu tu. Alibatizwa kwetu akiwa mtu mzima. Anatoa fahali. Tukamchukue, na masharti tutaambiwa tukifika.

Tulikwenda mimi na mwenyekiti, kwa lori lililopeleka saruji Mbale na ambalo lingerudi tupu. Sajini alikaa Nkoma, katika mtaa wa makarani na walimu wenye bustani ndogo za maua mbele ya nyumba zao. Nyuma ya nyumba yake, kwenye uwanja ambao haukutosha hata kuanika nguo, alikuwa amefungwa fahali mweusi mkubwa kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumwona, na nyuma yake mlima wa Wanale umesimama kama ukuta.

Sajini alikuwa mfupi, wima, shati limepigwa pasi hata kwenye mikono. Aliniita binti wa afande. Kabla ya kutupa viti alitutembeza kumzunguka yule fahali, taratibu, kama maofisa wanaokagua gwaride.

"Mmemwona mgongo?" aliuliza.

Mwenyekiti akasema ameuona.

"Mmeona kifua?"

Tulikuwa tumekiona pia. Ndipo akatukaribisha chai na kutaja masharti. "La kwanza, auzwe kwa mnada wa wazi, mbele ya watu. La pili, mniandikie barua inayosema bei ilifika wapi. Barua iwe na mhuri wa parokia."

"Barua tutaleta," mwenyekiti akasema. "Lakini mhuri wa nini?"

"Kuna mtu nataka kumwonyesha."

Hatukuuliza zaidi, kwa kuwa mtu anayekupa fahali hahojiwi. Wakati wa kumpakia, majirani wote walitoka kusaidia, makarani wamekunja suruali, mwalimu mmoja akisukuma kwa bega. Fahali yule alikuwa amekula maua ya mtaa mzima, na sijawahi kuwaona watumishi wa serikali wakifanya kazi kwa furaha kama siku ile. Tukarudi Jinja kwa njia ya Tirinyi na Iganga, yeye nyuma, sisi mbele, mwenyekiti akigeuka kila mara kumtazama kwenye kidirisha kana kwamba atamwona anabadili mawazo.

Sasa ni lazima nieleze desturi yetu ya mnada. Baada ya Misa watu hukaa uwanjani, na vitu walivyotoa waumini, jogoo, papai, mkungu wa ndizi, huuzwa kwa kushindana bei. Lakini mwenye heshima zake akishanunua, hasemi asante akaondoka na jogoo. Husema, "Namrudishia Bwana," watu hupiga makofi, na jogoo anauzwa tena. Jogoo mmoja mwenye bahati anaweza kuuzwa mpaka mchana. Na kwa kitu kikubwa si lazima mtu awe na fedha mfukoni. Anatoa ahadi, katibu anaandika.

Jumapili ya kwanza fahali alinunuliwa na mfanyabiashara wa saruji, kwa bei iliyowafanya watu wasimame. Akainua mkono, watu wakanyamaza. "Namrudishia Bwana," akasema. Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika hadi barabarani. Niliandika ahadi yake kwenye daftari, na kesho yake nikapiga taipu barua kwenda Mbale, nikataja bei, nikagonga mhuri.

Jumapili ya pili alinunuliwa na daktari mmoja, akamrudishia Bwana. Jumapili ya tatu akanunuliwa na mfanyabiashara wa saruji tena, kwa kuwa hakupenda daktari azungumzwe peke yake. Jumapili ya nne ilikuwa zamu ya chama cha wanaume wa parokia. Kila mara tulipiga makofi, na kila mara niliandika.

Fahali naye alikaa uwanjani kwa kanisa. Alimaliza majani, akahamia kwenye maua ya altare ambayo masista walikuwa wameyapanda kando ya sakristia. Alipenda kujikuna kwenye kona ya mnara, na matofali ambayo mwenyekiti aliapa hayataguswa yakaanza kumomonyoka kwa ubavu wa ng'ombe. Chama cha wanawake kiliandika zamu za kumletea majani. Wakati wa Misa alisimama kwenye mlango wa pembeni, kichwa ndani, mwili nje, na siku moja alikohoa wakati wa mahubiri kwa sauti iliyofanya paroko aseme, "Nakaribia kumaliza."

"Ni mali ya nani sasa?" paroko aliniuliza katika kikao.

Nikafungua daftari. "Kwa daftari hili, ni mali ya Mungu mara nne."

"Na fedha?"

"Bado ni ahadi, Padri. Zote."

Jumapili ya tano alifika mgeni. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kanzu nyeupe na kofia ya kufuma, na alisubiri nje ya lango kwa adabu mpaka Misa ilipokwisha. Nilikwenda kumkaribisha. Aliniitikia kwa Kiswahili kilichonyooka, cha mtu aliyezaliwa nacho. Aliniambia yeye ni wa Namakwekwe, Mbale, ana bucha pale. Babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudani wakati wa Waingereza, na watu wao hawajaacha Kiswahili tangu hapo. Nilifurahi. Ni mara chache nilisalimiwa hivyo bila mtu kuniogopa.

"Dada," akasema, "huyu ndiye ng'ombe wa sajini?"

"Ndiye."

"Nimeonyeshwa barua yenye mhuri. Inasema ameuzwa."

"Ameuzwa, mzee."

"Mbona yupo?"

"Aliyemnunua amemrudisha."

Akamtazama fahali kwa jicho la kazi. "Ana ugonjwa?"

"Hana. Amemrudishia Mungu. Na wa pili pia, na wa tatu."

"Na zile hela mliwarudishia?"

"Zile hela bado hazijafika."

Akavuta pumzi kama mtu aliyeshushiwa mzigo. "Nimekuja kutoka Mbale nikidhani mimi ndiye sijui biashara," akasema, akaenda kukaa mstari wa mbele.

Mnada ulipoanza, mfanyabiashara wa saruji alipanda haraka kama kawaida yake. Mgeni alimfuata polepole, akiongeza kidogo kidogo. Walipofika karibu na ile bei ya Jumapili ya kwanza, watu walianza kunong'ona kwamba Mwislamu amekuja kulisaidia kanisa, na wengine wakafuta machozi. Mfanyabiashara wa saruji naye alisikia manong'ono hayo. Kwa ukarimu aliokuwa nao kweli, akasimama na kusema kwa Luganda kwamba ndugu yetu ametoka mbali, si vizuri tumnyime heshima hii. Tumwachie. Makofi yakapigwa, na fahali akaenda kwa mgeni.

Mgeni akaja mezani kwangu. Akafungua mkanda wa kitambaa aliouvaa ndani ya kanzu, akahesabu noti zote mpaka ya mwisho, akaomba risiti. Akaikunja, akaiweka kifuani, akamwendea fahali na kufungua kamba. Watu walikuwa bado wanapiga makofi, wakingoja aseme lile neno. Alipita katikati yao na fahali wake akielekea langoni. Makofi yakapungua yenyewe, kundi kwa kundi, hadi wakabaki watu wawili wakipiga makofi nyuma kabisa, kisha nao wakaacha.

"Mwulize anampeleka wapi," mwenyekiti akaniambia.

Nikamkimbilia. "Mzee, wanauliza unampeleka wapi."

"Namakwekwe."

Nikatafsiri. Kukawa na mguno. Mfanyabiashara wa saruji akasema nimweleze desturi yetu, na nikamweleza, kwamba kwetu anayenunua humrudishia Mungu.

Mgeni alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. "Waambie hivi," akasema. "Mungu ndiye aliyeniuzia. Hela yake nimempa. Nikimpa na ng'ombe, yeye atakuwa na vyote viwili, na mimi nitawapikia nini wateja?"

Nililitafsiri neno hilo mbele ya watu waliovalia nguo za Jumapili. Paroko aligeuka akautazama mnara kwa muda mrefu, mabega yake yakitikisika. Mfanyabiashara wa saruji akasema huu ni wizi.

"Mwizi gani," mwenyekiti akamwuliza, "anayeacha fedha na kuondoka na risiti?"

Wanawake wa zamu ya majani walimsindikiza fahali hadi langoni, na mmoja wao akampa majani ya njiani.

Lakini mgeni hakuwa amemaliza. Wakati lori alilokuja nalo linageuzwa, alirudi, akaja ofisini akaomba barua inayotaja bei aliyolipa. Iwe na mhuri.

"Kuna mtu unataka kumwonyesha," nikasema.

Akacheka, na huku nikipiga taipu akanieleza. Miaka miwili sajini alitaka kumwuzia fahali yule. Sajini akitaja bei yake, yeye anataja nusu. Walibishana kila Ijumaa na kila Jumapili, mpaka siku moja sajini akaapa kwamba kuna watu watakaolipa bei yake na zaidi, hadharani, na yeye mwenye bucha akaapa kwamba iwe itakavyokuwa, senti yake haitaingia mfukoni mwa sajini. Ndipo fahali akatolewa sadaka.

"Sasa amekosa ng'ombe na amekosa hela," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nimepata ng'ombe."

"Kwa bei aliyotaja yeye, na zaidi."

Akaitazama barua kwenye taipu. Kisha akasema, "Hilo usiliandike."

Fedha ile, na michango ya askari, ilinunua mabati ya upande mmoja wa paa, upande wa kulia ukiingia. Mafundi walivua lami, magunia na lami tena, na chini kabisa wakakuta mabati ya kwanza yamekuwa membamba kama karatasi. Mwenyekiti alisimamia kila msumari, mkongojo mkononi. Kuhusu kubomoa hakuna aliyesema tena, maana hakuna mtu anayebomoa nyumba aliyoiezeka nusu.

Nilikwenda Mbale kupeleka shukrani za kamati. Nilimkuta sajini Nkoma anakunywa chai na mwenye bucha, kila mmoja barua yake mezani, mhuri juu. Walikuwa wanabishana nani ameshinda. Sajini alisema bei yake imethibitishwa na kanisa. Mwenye bucha alisema sajini ametoa fahali bure. Waliponiona wakanifanya hakimu.

"Lililoshinda ni kanisa," nikawaambia.

Wote wawili walikataa. Walisema kanisa halikuwa kwenye ubishi. Fahali alichinjwa mwezi uliofuata kwa ajili ya harusi, na nilisikia kwamba sajini alikwenda buchani akanunua kilo mbili, akalalamikia bei mpaka foleni ikaziba barabara.

Upande wa kushoto wa kanisa ulibaki kama ulivyokuwa, na mvua za msimu ule zilikuwa nyingi. Walio upande wa kulia walikaa wakavu. Ikawa mvua ikianza, kushoto kote kunahama, na paroko anahubiria nusu kanisa iliyobanana, huku nusu ya pili ina madimbwi tu. Tatizo lilikuwa viti vya wakubwa. Viti vya heshima vilikuwa mbele kushoto tangu zamani, na walioketi hapo ndio walewale walionunua fahali kwa ahadi. Kuhama mbele ya watu waliona aibu. Kwa hiyo Jumapili tatu mfululizo tulimwona mfanyabiashara wa saruji anamsikiliza Mungu chini ya mwavuli, daktari pembeni yake akikinga kitabu cha nyimbo kwa kofia. Paroko hakuwasema. Aliwatazama tu, na siku ya tatu akachagua somo la gharika.

Jumatatu yake mfanyabiashara wa saruji alikuja ofisini akalipa ahadi zake zote mbili. Alisema alikuwa amebanwa na kazi. Nikampa risiti na nikamwambia tunajua. Daktari alilipa wiki hiyohiyo, na chama cha wanaume, baada ya mkutano mrefu wa faragha, kikaleta chake kwenye bahasha mbili. Tukaezeka kushoto. Ikabaki hela ya kutosha kuweka vioo kwenye madirisha, kuitengeneza kona ya mnara iliyokunwa na fahali, na kuyasugua matofali kwa brashi na maji mpaka wekundu wake ukaonekana. Mfanyabiashara wa saruji alitoa saruji ya kona ile bure, akakaa pale kutazama isije ikatumika zaidi ya iliyotakiwa na wazee wa historia, kama alivyotuita.

Siku ya kulibariki kanisa, mwenye bucha alifika pamoja na sajini, kwa gari moja, wakakaa nje kwenye benchi kwa kuwa walikuwa katikati ya ubishi wa mbuzi fulani. Misa ilianza kukiwa na jua. Paroko alikuwa ameandaa mahubiri marefu, nadhani ya kwanza marefu ya maisha yake, maana nilikuwa nimeyapiga taipu mwenyewe, kurasa tisa.

Alipofika ukurasa wa pili mvua ikashuka. Wote tulitazama juu. Halikudondoka tone. Lakini tulisahau jambo moja, kwamba lami na magunia yalikuwa yamenyonya kelele pamoja na maji. Mabati mapya matupu yalipiga ngurumo hata usingeweza kumsikia aliyekaa ubavuni mwako. Paroko alipaza sauti, kisha akapaza zaidi, kisha nikaona midomo yake inachezacheza bila neno. Akakunja kurasa zake, akaenda akaketi. Sajini na mwenye bucha wakaingia kwa kukimbia, wakasimama ukutani karibu na mlango.

Mvua ilinyesha kwa muda mrefu. Hakuna aliyeweza kuimba, kusoma wala kutangaza kitu. Tulikaa tu, kanisa zima, mikono mapajani, wakavu, tukilitazama paa. Mwenyekiti alikuwa mbele yangu. Aligeuka, akasema kitu ambacho sikukisikia, nami nikamjibu kitu ambacho yeye hakukisikia, na akatikisa kichwa kukubali.